Hajanipiga, lakini naogopa kurudi nyumbani

"Mume wangu hanipigi jamani, ila akifungua geti tu moyo unanipasuka." Ukikaa saluni au kwenye kikao cha kikoba utaisikia hii kwa namna tofauti tofauti, mwingine atakwambia hana shida na mumewe ila inabidi afute meseji zote kabla jamaa hajarudi, mwingine hajaenda kwao Moshi mwaka wa tatu huu kwa sababu kila akitaja safari kunakuwa na vita. Na sisi tunaosikiliza tunamjibu haraka haraka, mshukuru Mungu mwenzetu, wenzio wanavunjwa mbavu huko. Basi ananyamaza, na hatasema tena mpaka siku atakayokuja na jicho limevimba, na hapo ndo tutaanza kujifanya tumeshtuka.

Naandika kwa mtu aliyeko ndani ya hali hiyo na hana uhakika kama huo ni ukatili au ni ndoa tu, na pia kwa dada, jirani, shangazi, mfanyakazi mwenzake ambaye anaona kitu hakiko sawa ila hajui aseme nini.

Ugomvi upo kila nyumba, watu wanagombana wanasusiana wananuniana wiki nzima, hilo peke yake si ukatili. Cha kuangalia ni hofu, na hofu iko upande gani. Kwenye ugomvi wa kawaida wote wawili wanaweza kusema hapana na maisha yakaendelea, hata kama kwa kununa. Kwenye ukatili mmoja anapima kila neno kabla ya kulitoa, anajua sauti ya pikipiki ya mwenzake, anajua leo amekunywa au hajanywa kwa jinsi anavyoweka funguo mezani, na maisha yake yote ameyapanga ili mwenzake asikasirike. Swali la kujiuliza ni moja tu: nikimwambia hapana, nini kinatokea? Kama jibu linakufanya utetemeke basi tayari una jibu, hata kama mwili wako hauna alama hata moja.

Mara nyingi inaanza kama mapenzi. Anataka kujua uko wapi kila saa, anataka umtumie lokesheni, anataka namba ya siri ya simu kwa sababu "sisi ni kitu kimoja", halafu taratibu rafiki zako wote wanakuwa wabaya, mmoja malaya, mwingine mchawi, dada yako ni mmbea, mama yako anaingilia ndoa, mpaka unajikuta huna wa kumpigia. Halafu kuna matusi, si ya siku moja ya hasira, yale ya kila siku, ya kukwambia hufai, hujui kupika, umezeeka, nani atakuchukua na watoto wawili, mbele ya wageni na mbele ya watoto, mpaka na wewe unaanza kuamini.

Upande wa hela ndo unaopita bila watu kuuona kabisa. Mwanamke ana kazi, ana mshahara, lakini kadi ya benki anayo mume na nauli anaombea kila asubuhi. Au ana genge lake na mauzo yote ya siku anayakabidhi jioni na kuhojiwa mia mbili imeenda wapi. Au analazimishwa kukopa, anaenda kikoba, anaenda kwa wale wa kausha damu, hela inaingia kwenye simu ya mume na deni linabaki na jina lake, halafu wakopeshaji wakija kubeba friji na tivii mume hayupo. Mwingine anakatazwa kazi kabisa, anaambiwa mimi nitakutunza, halafu hata hela ya pedi mpaka apige magoti. Mtu asiye na shilingi ya kwake hana pa kwenda, na anayemnyima anajua hivyo vizuri sana.

Na kile kipigo chenyewe kikija kinakuja na msamaha wake. Jamaa analia, anasema shetani alinipitia, ananunua doti ya kitenge, anampeleka mama kula kuku, wiki mbili nyumba ina raha kama ya siku za uchumba. Hizo wiki mbili ndo zinazomrudisha mtu, na wala si ujinga, anampenda yule mtu wa wiki mbili na anaamini ndo yule wa kweli. Ila ukikaa ukahesabu utaona zile siku za raha zinazidi kuwa fupi na kile kinachofuata kinazidi kuwa kibaya.

Hili la kusema "mila zetu zinaruhusu" tulimalize mapema. Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenza wake kama adhabu, hata kama mila inasema vinginevyo. 1971! Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Lakini utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wameshapigwa tangu wafikishe miaka 15, na kinachoniuma zaidi ni kwamba asilimia 58 ya wanawake walikubali mume ana sababu ya kumpiga mke kwa angalau kosa moja kati ya haya: kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kuaga, kutowaangalia watoto au kumnyima unyumba. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Yaani sisi wanawake ndo tuliokubali kwa wingi kuliko hata wanaume, na sishangai, maana tangu kwenye unyago na kitchen party tunaambiwa vumilia mwanangu, mambo ya ndani hayatoki nje, funika kombe mwanaharamu apite.

Sasa lile swali wanalouliza watu wote, kwa nini asiondoke? Mimi naona tungeanza kwa kuuliza atafika wapi, na nani atamlinda akishaondoka, kwa sababu wakati wa kuondoka ndo wakati wa hatari kuliko wote. Anayekudhibiti akiona anakupoteza ndo anafanya kitu ambacho hajawahi kufanya. Mnamkumbuka Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekuwa akiishi Trans Nzoia kule Kenya, Agosti 2024 alikimbia marathoni kwenye Olimpiki ya Paris, Septemba 1 mtu aliyekuwa mpenzi wake akammwagia petroli na kumchoma moto, akafariki Septemba 5 hospitalini Eldoret. Walikuwa wameshaachana, mgogoro wenyewe ulihusu kiwanja na nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, na familia yake ilisema walikuwa wameshapeleka malalamiko polisi. Miaka mitatu kabla, Oktoba 2021, Agnes Tirop, mwanariadha wa Kenya, aliuawa nyumbani kwake Iten. Hawa walikuwa na hela, majina na pasipoti, na bado kuondoka hakukuwa rahisi, sembuse mama wa Mbagala mwenye watoto watatu na hana hata nauli ya kwao.

Kwahiyo kuna dalili ambazo ukiziona usisubiri kikao. Kukabwa shingo, hata mara moja, hata kama hakukubaki alama. Watafiti wa Marekani, akiwemo nesi Jacquelyn Campbell ambaye amefanya kazi hii miaka mingi, walikuta kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake uwezekano wa kuja kuuawa naye unapanda zaidi ya mara 7. Mwili ukikabwa unaweza kuumia kwa ndani, sauti ikabadilika, kumeza kukawa kwa shida, kwahiyo nenda hospitali hata kama unajisikia nafuu na umwambie daktari wazi kwamba nilikabwa. Nyingine ni kutishiwa kuuawa, yeye kutishia kujiua ukimwacha, kuwepo kwa panga au bunduki kwenye vitisho, kupigwa ukiwa mjamzito, na kufuatiliwa kila unapoenda baada ya kuachana. Halafu kuna hisia yako mwenyewe, ukihisi huyu ataniua, iamini, wewe ndo unayemjua kuliko sisi wote.

Kama hatari iko sasa hivi, toka, nenda popote penye watu, duka la jirani, kwa mjumbe, kanisani, msikitini, kituo cha bodaboda, na piga 112. Kama hatari si ya dakika hii basi jipange kimya kimya. Vyeti vya watoto vya kuzaliwa, kadi za kliniki, kitambulisho cha NIDA, kadi ya bima, cheti cha ndoa kama kipo, mkataba wa kiwanja au risiti za vitu ulivyonunua, piga picha, mtumie mtu unayemwamini kisha futa, na nakala ukiweza ziache kwake. Weka akiba kidogo mahali ambapo si kwenye simu anayoikagua. Na simu yenyewe iangalie vizuri, ingia WhatsApp sehemu ya vifaa vilivyounganishwa uone kama meseji zako zinasomwa kwenye kompyuta nyingine, zima ile lokesheni uliyomgawia, ila fikiria kwanza, kama ukizima atashtuka na kuja juu basi iache kwanza na mambo yako yapange kwa simu ya mtu mwingine. Patana na jirani neno moja la siri, labda ukituma mtoto kuomba kiberiti ajue apige simu polisi.

Sasa unaenda wapi. Kwenye vituo vingi vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, mara nyingi ni chumba cha pembeni na askari wake wamefundishwa kesi hizi, kwahiyo usisimulie yote pale kaunta mbele ya watu, sema tu naomba Dawati la Jinsia. Ukishaandikisha omba namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, iandike, usiondoke bila hiyo, maana bila RB siku ya pili utaonekana hujawahi kufika. Kama umeumizwa utapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, uende nayo hospitali, daktari ataijaza majeraha aliyoyaona na hiyo ndo itakuwa sehemu ya ushahidi. Lakini kama hali ni mbaya, damu inatoka, umezimia, hospitali kwanza na PF3 ifuate. Sehemu nyingine kuna vituo vya mkono kwa mkono ambavyo daktari, polisi na ustawi wa jamii wako sehemu moja hivyo hurudii kusimulia mara nne, Dar kipo hospitali ya Amana, Zanzibar kipo Mnazi Mmoja.

Kama ulilazimishwa kingono wahi hospitali ndani ya saa 72, kuna dawa za kuzuia maambukizi ya VVU na ukichelewa zaidi ya hapo hazisaidii, na za kuzuia mimba pia kadiri unavyowahi ndo zinavyofanya kazi vizuri. Usioge kwanza, nguo ulizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Na hapa lazima niseme ukweli unaouma: kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, mume hashtakiwi kwa kumbaka mkewe isipokuwa kama wametengana. Sehemu yake ya ubakaji iliandikwa upya 1998 na bado ikaacha tundu hilo, na mimi naona ni aibu. Lakini isikufanye ukae nyumbani, tiba ni haki yako hata kama aliyekufanyia ni mumeo wa ndoa, na kipigo na majeraha yanayoambatana na tendo hilo ni kosa kamili. Kumshambulia mtu na kumdhuru mwili kifungo chake kinafika hadi miaka 5, na kumsababishia madhara makubwa hadi miaka 7, ndoa haipunguzi kitu.

Kuna mkanganyiko mmoja unawapotezea watu miezi na miezi. Mwanamke anapigwa, anaenda kushtaki, anaambiwa aanze baraza la usuluhishi. Si kweli. Baraza la usuluhishi la ndoa, liwe la kata, la BAKWATA au la kanisa, ni hatua ya kwenda kudai talaka mahakamani, hapo ndo unahitaji hati yao ya kwamba wameshindwa kuwapatanisha, na kesi inatakiwa ifunguliwe ndani ya miezi 6 tangu hati itolewe. Kipigo ni jinai, kinaenda polisi moja kwa moja. Njia hizi mbili unaweza kuzitembea kwa pamoja, moja haisubiri nyingine. Na hata hilo baraza, sheria inaruhusu mahakama isikudai kwenda huko kama kuna mazingira ya kipekee yanayofanya isiwezekane.

"Lakini sisi hatujafunga ndoa, tunaishi tu." Kifungu cha 160 cha ile Sheria ya Ndoa kinasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wanawatambua kama mke na mume, wanachukuliwa ni wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hata ikithibitishwa hawakuwa na ndoa bado mahakama inaweza kuamua matunzo yako na ya watoto. Kuhusu nyumba mnayoishi, mwenzako hawezi kihalali kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa yako, hata kama hati ina jina lake peke yake. Kuhusu mali, Mahakama ya Rufani mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed ilikubali kwamba kazi za nyumbani na kulea ni mchango, kwahiyo lile neno "umekuja na begi utaondoka na begi" ni la mtaani tu. Na watoto, maana hapo ndo wanawake wengi wanaposhikiwa, unaambiwa ukiondoka unawaacha: sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni bora akae na mama, isipokuwa kama kuna sababu ya kuonyesha vinginevyo. Watu wameigeuza wakasema akifika 7 anaenda kwa baba moja kwa moja, hapana, baada ya 7 mahakama inaangalia maslahi ya mtoto, na mtoto mwenyewe anaweza kusikilizwa.

Zanzibar mambo ya ndoa za Kiislamu yako kwa Kadhi, Sheria ya Ndoa ya 1971 haifiki huko, lakini mke anayedhuriwa anaweza kuomba fasakhi, yaani Kadhi aivunje ndoa, kwa sababu ya hayo madhara, hahitaji kusubiri mume atamke.

Hela ya wakili isikukatishe tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, wapo mpaka ngazi za wilaya na kata, na mashirika kama TAWLA, WLAC na LHRC, na ZAFELA kwa Zanzibar, yanasaidia wasio na uwezo. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kushughulikia matunzo ya watoto na kukuunganisha na nyumba salama pale zilipo, ambazo kwa kweli ni chache mno. Mtoto akiwa anaumizwa, au hata dada wa kazi ambaye ni binti mdogo, maana na yeye yuko ndani ya nyumba hiyo na ni mara chache mtu anamuuliza, piga 116, ni bure. Kwa walioko Kenya namba ni 1195, na wao wana sheria ya kujikinga na ukatili wa nyumbani ya 2015 ambayo inakuwezesha kuomba amri ya mahakama ya kumzuia mtu asikusogelee bila hata kudai talaka, na imetaja kunyimwa hela na ngono ya kulazimishwa ndani ya ndoa kuwa ni ukatili. Uganda wana yao tangu 2010. Sisi Bara hatuna sheria moja mahususi ya namna hiyo, amri ya kumzuia mwenza asikusumbue ipo kwenye Sheria ya Ndoa lakini imefungwa kwenye kesi ya ndoa yenyewe, na hilo ndo pengo ambalo wabunge wetu wangetakiwa kulala nalo macho.

Wanaume wanaoumizwa wapo pia, na kifungu cha 66 kinasema mwenza, hakikusema mke. Dawati linawapokea. Wanachoogopa ni kuchekwa, na kwa hilo wa kujirekebisha ni sisi tunaocheka.

Kwa ndugu na marafiki nina ombi. Msimwite mume kumuuliza "tumesikia unampiga", atakayelipia hilo swali ni yule aliyewaambia siri. Na vile vikao vya wazee wa pande zote, mwanamke anakalishwa mbele ya aliyempiga anaambiwa aeleze, anaeleza nini hapo? Anasema alikosea na yeye, mume anatozwa faini ya mbuzi, wanapandishwa bodaboda moja kurudi nyumbani, na usiku huo anaulizwa kwa nini alimwaibisha. Kama unataka kusaidia mwambie nakuamini, si kosa lako, mlango wangu uko wazi hata saa nane za usiku, kisha mtunzie vyeti vyake na umsindikize kituoni. Akirudi kwa mume usimkatie simu, watu wengi huondoka na kurudi mara kadhaa kabla ya kuondoka kabisa, na ukimsusa mara ya pili, ya tatu hatakutafuta.

Na kama umefika kituoni ukaambiwa nendeni mkayamalize nyumbani, omba kuonana na mkuu wa kituo, ikishindikana panda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, au nenda kwanza kwa ustawi wa jamii au msaidizi wa kisheria akusindikize, ukiwa na mtu anayejua sheria maneno hubadilika haraka. Kesi uliyoifuta mwaka jana kwa sababu mama mkwe alilia haikuzuii kuripoti leo. Unaandikisha upya, unapewa RB mpya, na ile ya zamani unaitaja, kwa sababu inaonyesha hii si mara ya kwanza.